Nta ya zamani inakusubiri: maswali na majibu

Mara hii nimepokea rundo la maswali ya "nipake nini gari ling'ae?" Yote nimeyaweka kando. Kila mtu anataka dawa ya mwisho, na ni wachache tu wanaouliza itakaa juu ya nini. Waliouliza hilo ndio ninaowajibu.

Fundi, sabuni ya vyombo inatosha kuondoa nta ya zamani?

Swali hili tena! Sabuni ya vyombo ilitengenezwa kupambana na mafuta ya sufuria. Nta laini ya karnauba, ile inayotokana na majani ya mnazi wa Brazili, sabuni hiyo itaipunguza, hasa ikiwa nta tayari imechoka. Silanti nyingi, yaani kinga za rangi zinazotengenezwa kiwandani badala ya nta, hazitatikisika. Mnachodanganyika nacho ni matone: mnaosha, maji hayajikusanyi tena, mnashangilia kwamba nta imekwisha. Mara nyingi ni utando wa sabuni tu umeifunika. Suuza sawasawa, subiri mvua ijayo, utayaona matone yamerudi. Na sabuni ya unga msiithubutu. Chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza.

Nimenunua seramiki. Nianzie wapi?

Ungeniuliza kabla ya kununua, lakini sawa. Seramiki, ile kinga ya maji inayokauka ikawa ngumu juu ya rangi, inatakiwa kushikana na klia yenyewe, yaani tabaka angavu linalofunika rangi ya gari. Ukiipaka juu ya nta, imeshika nta, na nta ikiondoka inaondoka nayo. Pesa yako pia.

Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa. Anza na sabuni kali ya magari yenye alkali, isuuze kabla haijakauka. Kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi, bodi ikiwa imelowa kilainishi muda wote. Udongo unang'oa vumbi la breki, lami na utomvu uliogandamana, na nta kiasi fulani, ila usiutegemee kumaliza nta. Ukikudondoka chini, tupa. Usiniandikie kuuliza kama unaoshwa, umeshabeba mchanga.

Anayemaliza nta kwa uhakika ni polishi laini yenye chembe za kusugulia, kwa sababu anaondoa na ngozi ya juu kabisa ya klia. Hapo ndipo nawaomba mtulie. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, na hairudi. Kuna watu wanapiga polishi kila baada ya miezi michache kisha wanashangaa boneti imeanza kubabuka. Piga inapohitajika tu, na kingo za milango na mikunjo ya bodi zipite juu juu, maana huko klia huisha kwanza.

Bado hujamaliza. Polishi nyingi huacha mafuta yanayojaza mikwaruzo, ndiyo maana gari linaonekana jipya jioni na bovu baada ya kuoshwa. Changanya sehemu moja ya aisopropili (spiriti ya kusafishia) ya asilimia 70 na maji sehemu mbili au tatu, futa kipande kwa kipande kwa mikrofaiba safi, ukigeuza upande mara kwa mara. Sasa mwagia maji kidogo: yakitandaa na kuteremka kama shuka, rangi iko uchi. Kausha, futa tena, ndipo ufungue hiyo chupa yako.

Nikitaka kurudia nta ileile ya karnauba, lazima niondoe ya zamani?

Hapana. Osha, kausha, paka.

Jirani anasema petroli au mafuta ya taa huondoa kila kitu.

Mafuta ya taa yanaacha utando wa mafuta, yaani umeondoa grisi kwa grisi. Petroli inaharibu raba na plastiki, na mvuke wake unadaka moto kwa cheche ndogo tu. Na kwa kuwa najua swali linalofuata: thina pia hapana. Mwambie jirani aanze na gari lake.

Gari limetoka kupakwa rangi wiki iliyopita. Naruhusiwa kupaka kinga?

Subiri. Rangi ya gereji huendelea kutoa viyeyusho wiki kadhaa baada ya kuonekana kavu. Wengi husema siku 30 hadi 90, kutegemea rangi na kama ilikaushwa kwa joto. Muulize aliyeipaka, kwani ndiye anayejua alichochanganya. Hata ile aisopropili iache kwanza, rangi bado ni laini.

Nasugua polishi, kitambaa kinatoka chekundu kama gari. Nimeharibu?

Kama ni gari la zamani lenye rangi isiyo na klia, ndivyo ilivyo. Endelea kwa mkono mwepesi, kisha lipake nta mapema kwa sababu rangi hiyo hupauka haraka ikiachwa wazi. Kama gari lina klia, acha sasa hivi. Umeshaitoboa, na dawa ya hapo ni kupiga rangi upya.