Tobo la 412

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ni jambo gani dogo la kila siku linalokupa raha, nawe uliliingiaje?" Nilimsomea mke wangu kwa sauti huku akikuna nazi. Hakuinua hata kichwa. "Waandikie kuwa raha yako ni kuhesabu," akasema. "Mafuta wahesabu, matobo ya kofia wahesabu. Kasoro pesa, maana hizo hazikai."

Ni kweli tupu. Basi nianze na gari.

Mimi hupeleka samaki na kamba Mombasa mara tatu kwa wiki, kwa Probox ya zamani yenye masanduku ya barafu nyuma. Kutoka hapa Malindi ni kama kilomita 120 kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Mafuta natoa mfukoni mwangu. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wanapotangaza bei mpya, utanikuta nimeinamia redio kama mtu anayengoja mwezi wa Idi uandame.

Kwa miaka mingi nilikuwa naambia wa pampu "tia ya elfu mbili" na kuondoka, sijui elfu mbili hiyo yanifikisha wapi. Siku moja yakaniishia Matsangoni, jua la saa saba, barafu inayeyuka. Jioni ile nikanunua daftari. Tangu hapo najaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, naandika kilomita. Nikija kujaza tena hadi ikate, natoa za zamani katika mpya, nagawa kwa lita zilizoingia. Jibu la kwanza lilikuwa 11 na nusu kwa lita. Nikamkasirikia fundi, maskini wa Mungu, hana kosa. Kumbe juu ya paa nilikuwa na keria tupu tangu siku tuliyohama nyumba, mwaka wa tatu huo, inapiga mluzi njia nzima nami nikidhani ni redio. Tairi mbili za nyuma nazo upepo ulikuwa chini ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Niliing'oa keria, nikatia upepo. Wiki iliyofuata, 13.

Hapo ndipo ugonjwa uliponishika. Yaliyobaki yote yamo mguuni. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya hewa inayolizuia gari huzidi mara nne, kwa hivyo sasa naenda 80 pale nilipokuwa naenda 100. Kwa hesabu ya karatasi napoteza dakika 18. Foleni ya Mtwapa huzila zote, na yule aliyenipita Vipingo kama mshale namkuta palepale mbele yangu, mkono nje ya dirisha. Matuta nayatazama kutoka mbali, natoa mguu mapema, gari linafika limeshapoa lenyewe bila breki. Mwisho wa wiki nikisoma 15 kwenye daftari hucheka peke yangu.

Madereva wenzangu bado hubishana nami kuhusu frii. Wao kwenye mteremko hutoa gia ati wanaokoa mafuta. Kwa magari haya ya sindano za mafuta ni kinyume: ukitoa mguu gari likiwa ndani ya gia, kompyuta hukata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inabidi ijilishe isizime. Tena mzigo wote unauachia breki. Nimeeleza haya mara ngapi sijui. Mwezi jana nikiteremkia daraja la Mtwapa polepole ndani ya gia, utingo wa matatu akanichungulia: "Ami, gari imekufa?"

Na upepo, nisisahau. Wazee wetu walijua majahazi hayaendi kinyume na msimu, lakini hakuna aliyenambia kuwa hata Probox yajua msimu. Kusi, ule upepo wa kusini, ikivuma sana, Julai hivi, safari ya kwenda Mombasa hunila zaidi kuliko ya kurudi, na masanduku wakati wa kurudi ni matupu, kwa hivyo najua si upepo peke yake. Lakini kaskazi, ule wa kaskazini, ikiingia, tofauti ile hupungua. Daftari lasema.

Kofia nilifundishwa na mama, Lamu, kabla sijaota ndevu. Huko kushona kofia si kazi ya mwanamke wala ya mwanamume, ni kazi ya mwenye macho. Kofia ya vito ni kitambaa cheupe, tabaka mbili, vipande viwili: duara ya juu na ukanda wa pembeni. Unafuata mchoro wa penseli. Unachoma kwa sindano nene bila kukata nyuzi, unazisukuma tu zipishane, tobo linakuwa kama punje ya ufuta. Kisha kwa sindano nyembamba unazungusha uzi ukingoni, unakaza, unazungusha, unakaza, mpaka tobo lisimame wazi lenyewe na upepo upite. Ukivuta sana kitambaa kinakunjamana, ukilegeza tobo linajifunga ukifua. Mama alikuwa akinipiga kikofi cha mkono: "Sivute, mwanangu. Uzi hauna ugomvi nawe."

Kofia naifunga ndani ya mifuko miwili isishike harufu ya samaki, naishona Mombasa nikingoja wanunuzi wapime na kubishana. Hii ya sasa nimeianza baada ya Ramadhani. Nimo kwenye tobo la 412, na ukanda haujaisha.

Mbwa sikumtafuta mimi. Jirani yetu ni bibi wa Kiitaliano, mjane, mwenyeji wa Malindi kuliko vijana wengi waliozaliwa hapa. Alivunjika nyonga, na mbwa wake, dume kubwa la rangi ya mchanga, akawa analia usiku kucha kwa kukosa kutembezwa. Mimi Muislamu, mtoto wa Lamu, mbwa nilizoea kumvukia barabara. Nikamwuliza maalim baada ya alfajiri. Akasema mkavu kwa mkavu hakuna neno, udenda ndio wa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kisha akanikumbusha yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Basi nina suruali ya mbwa, kamba ndefu, na kopo la udongo nje ya mlango. Barazani bado huniuliza, "Leo wampeleka wapi mkweo?"

Siku nisizoenda Mombasa tunashika ufukwe hadi nguzo ya Vasco da Gama, yule Mreno aliyetia nanga hapa 1498 akapewa rubani wa kumvusha India. Mbwa hana heshima na historia, huinua mguu pale mwambani. Kaskazi ikivuma, matope ya Mto Sabaki husukumwa mpaka mjini na bahari huwa kama chai ya maziwa. Yeye huingia vivyo hivyo, nami huachia kamba yote nisirushiwe maji. Kiswahili hakijui. Nikimwita "njoo" ananitazama kama mgeni, nikisema "vieni", njoo ya Kiitaliano, anakuja mbio.

Nilitaka kujua ni hatua ngapi hadi kwenye nguzo, nigawe kama ninavyogawa mafuta. Kila asubuhi naanza moja, mbili, tatu. Nikifika mia mbili na kitu anamwona kaa, anavuta, nakimbia naye, hesabu inapotea. Naanza tena. Nimewahi kufika 1,130, na siku hiyo alikuwa mgonjwa.

Msomaji wenu, Malindi