Kulea watoto wa mbwa wa kuongoza wasioona ukiwa Tabora: jibu langu refu

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama mtu wa Tabora anaweza kujitolea kulea watoto wa mbwa watakaokuja kuongoza wasioona, kama jike lako la Labrador anaweza kuzaa mbwa wa kazi hiyo, na walezi wanawezaje kumrudisha mbwa waliyekaa naye mwaka mzima. Naona wadau wengi wameishia kwenye utani. Mimi niliwahi kuifanya kazi hii. Nilipokuwa nasoma Uingereza nilipanga chumba Coventry, kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa akilea mbwa hao kwa kujitolea. Miguu ilimsumbua, hivyo kumtoa mbwa nje kukawa jukumu langu, kwa ridhaa ya chama chenye mbwa. Sasa nimerudi nyumbani, nakaa Isevya, hapa Tabora mjini.

Kulea mbwa mwenye adabu unaweza hata kesho. Kulea mbwa mwongozaji hutaweza kama nyuma yako hakuna chuo cha kuwafundisha mbwa hao. Video ulizoangalia zinaonyesha mtoto wa mbwa na familia inayocheka. Chuo hakionekani, na ndicho chenye kazi yote.

Kule mbwa si wako tangu siku ya kwanza. Chama cha Guide Dogs kinazalisha chenyewe, kituo chao kiko karibu na Leamington Spa, na wazazi wanachaguliwa kwa afya na tabia. Wengi ni Labrador, golden retriever, au mchanganyiko wa hao wawili. Mtoto anafika kwa mlezi akiwa na wiki nane hivi. Chakula, chanjo na daktari ni juu ya chama. Mlezi anatoa nyumba, muda, na moyo wa kuvumilia zulia kukojolewa. Kuna msimamizi anayepita kukagua na kuelekeza. Mbwa akifikisha mwaka na ushee anakwenda kwa wakufunzi, na hao ndio wanaomfundisha kuongoza, akiwa amevaa ule mkanda wenye mpini mgumu mgongoni. Mbwa wao wanne wa kwanza walianza kazi mwaka 1931, lakini utaratibu wa kuwalelea watoto majumbani kwa watu ulikuja 1956.

Sasa mlezi anafundisha nini? Adabu tu, ila ni adabu ya kiwango ambacho watoto wetu wenyewe hatuwafikishi. Bakuli linawekwa chini, mbwa amekaa, mate yanamchuruzika hadi sakafuni, na hasogei mpaka kipenga kilie. Akishazoea kwamba kipenga ni chakula, hata akiwa mbali uwanjani akikisikia anarudi mbio. Haja anafundishwa kwa neno lile lile kila siku, ili baadaye mtu asiyeona ajue mbwa wake anajisaidia lini na wapi, aokote. Chakula cha mezani hapewi kabisa, maana mbwa aliyezoea makombo atamvuta mwenyewe hadi chini ya meza za watu mgahawani. Kumrushia mpira nako mwiko. Fikiria anaongoza mtu barabarani, na pembeni watoto wanacheza chandimu.

Kwenye basi ndiko nilikotoka jasho. Unakaa, unamwelekeza ajikunje chini ya kiti, unaukusanya mkia wake kwa mkono abiria asije akaukanyaga, kisha unatulia bila kumbembeleza. Chini kuna chipsi imedondoka, inanukia siki. Masikio yanasimama, pua inachezacheza, anakuangalia. Ukisema "acha" naye akaacha, anapata punje ya chakula chake kutoka mfukoni mwako. Hakuna la ajabu zaidi ya hilo, ni kurudia na kurudia mpaka chipsi imkinai. Na ujue mbwa mwanafunzi hana haki ya kuingia popote kama aliyefuzu. Mwenye duka akikataa, unamshukuru unaondoka. Aliyefuzu, akiwa na mtu wake, ndiye anayelindwa na sheria ya usawa ya mwaka 2010, na hata teksi haimkatai hivi hivi.

Halafu kuna suala la kutompiga, na hapa naomba usome polepole. Wengi wanadhani ni huruma za Kizungu. Mbwa mwongozaji hajui njia ya sokoni wala hasomi taa za barabarani. Anayejua njia ni mtu. Anasikiliza magari, anatoa amri ya kuvuka. Mbwa anakwepa vizuizi, anasimama penye ukingo wa barabara, na anakataa amri pale gari linapokuja. Anakataa! Mbwa aliyekuzwa kwa mateke ataogopa kukataa, atavuka, watagongwa wote wawili. Ndiyo maana anatakiwa akue akijua kwamba kumgomea binadamu si kosa la kuchapwa.

Hapa kwetu mbwa ni mlinzi. Mchana amefungwa, usiku anafunguliwa, anakula ugali na dagaa, akichungulia sebuleni anakutana na ufagio. Siwalaumu watu, ndiyo kazi tuliyompa. Ila hata ukimtendea wema ndani ya geti lako, mbwa wa aina hii halelewi na nyumba moja, analelewa na mji mzima. Mimi hutembea na jike la ndugu yangu, mpole kupita kiasi, kutoka Isevya kwenda sokoni. Watoto wengine wanakimbia, wengine wanaokota mawe. Mama wa maandazi anainua beseni lake. Bodaboda anapita ubavuni kabisa na kupiga honi makusudi, aone mbwa ataruka vipi. Chini ya mwembe wanatoka mbwa koko kulinda himaya yao. Msimu wa embe ndio balaa, njia nzima imejaa embe zilizoanguka na mbwa anatembea huku anakula. Na mitaa mingi haina ukingo wowote, ina mtaro wazi. Mbwa aliyefundishwa kusimama ukingoni atasimama wapi?

Ongeza afya. Miombo inayotupa asali ndiyo hiyo hiyo yenye mbung'o, na mbwa akipata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, macho yanaweza kufunikwa na ukungu mweupe, yaani tunabaki na wawili wasioona. Ukienda Sikonge au Urambo kusalimia wazee, mwache mjini. Kupe na chanjo ya kichaa cha mbwa sina haja ya kukukumbusha.

Mdau mmoja juu huko ameuliza dini inasemaje kuhusu mbwa, akachekwa. Asichekwe, Tabora na Ujiji hilo ni swali la kweli. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba na mojawapo ni kwa udongo. Wafuasi wa Malik hawamhesabu mbwa kuwa najisi. Na mbwa wa kuwinda aliyefundishwa anaingia kwenye Suratul Maida, aya ya 4, mawindo yake yanaliwa. Mwaka 2008 huko Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulimkubalia kijana asiyeona kufika na mbwa wake, mbwa akabaki sehemu aliyotengewa, nje ya ukumbi wa swala. Masheikh wa humu waendelee kutoka hapo.

Yule aliyesema "Mwafrika na kufundisha wanyama wapi na wapi" aende Morogoro. Panya wa shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Na Afrika Kusini wana chama cha mbwa waongozaji tangu 1953, kilianzishwa na Gladys Evans, makao yake Johannesburg. Uwezo upo. Kinachokosekana ni chuo, wakufunzi na fedha za kulisha mbwa miaka yote ya kazi yake.

Tena fedha zenyewe ndizo alizoanza nazo jirani yangu, mwalimu mstaafu asiyeona. Nilimweleza habari za mbwa hawa kwa mbwembwe zote, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, siku pensheni ikichelewa huyo mbwa atakula nini?" Fimbo yake nyeupe haili. Akaniambia kama nina nguvu za kujitolea, nikaongee na wenye maduka waache kupanga ndoo na pikipiki kwenye njia ya waenda kwa miguu. Nami naona ana hoja, maana hata kwenye nchi zenye vyuo, mtu hapewi mbwa kabla hajaweza kujitembeza na kujua njia zake, na wasioona walio wengi huko hawana mbwa. Kwa hiyo kama shauku yako ni wasioona zaidi kuliko mbwa, Shule ya Furaha, ya watoto wasioona, iko hapa hapa mjini. Nenda ukamuulize mwalimu mkuu wanahitaji nini, usiende na jibu lako mfukoni.

Kumrudisha: inauma, asikudanganye mtu. Siku gari la chama lilipokuja, mama mwenye nyumba wangu alimkabidhi kamba dereva, akaingia ndani, akafua blanketi la mbwa huku analia. Baadaye akaletewa mwingine. Wale wasiofuzu, na wapo, wengine hupelekwa kwenye kazi nyingine za kusaidia watu, wengine hutafutiwa nyumba ya kawaida, na mlezi anaweza kupewa nafasi ya kumchukua. Yeye aliwahi kupewa nafasi hiyo akakataa. Alisema akimchukua mmoja hatakuwa na nafasi ya anayefuata.

Jike lako sasa. Vyuo vinategemea vizazi ambavyo kumbukumbu zake vinazo, magonjwa ya nyonga na macho yakiwemo, kwa hiyo usimzalishe kwa matumaini kwamba kuna atakayekuja kuchukua watoto. Mlee kwa kipenga na bila fimbo, utapata mbwa ambaye wageni hawatamwogopa, na hilo peke yake litawashangaza majirani. Kama hutaki watoto, mwone daktari wa mifugo amfunge kizazi. Kama unawataka, tafuta dume lililochanjwa, na wanunuzi uwapate kabla hajashika mimba, maana Labrador anaweza kukuzalia wanane kwa mpigo na wote wanakula.