Roketi ya penseli: pima kwanza, rangi baadaye

Tangu niandike kuhusu roketi za mfano zenye umbo la penseli, maswali yamemiminika. Nimechagua matano.

*Penseli yangu ina urefu wa sentimita 60. Mapezi yanaharibu sura. Niyaondoe?*

Hapana.

*Basi niyafiche vipi?*

Yakate kwenye plastiki ngumu inayopenyeza mwanga. Ukisimama mbali kidogo huyaoni. Sugua kwa msasa sehemu inayogusa bomba, yaani mwili wa roketi, ili gundi ishike, na usiyapunguze ukubwa kwa ajili ya urembo. Kinachoniudhi zaidi ni kifutio. Watu wanabandika mpira halisi na pete ya bati mkiani, kisha wanashangaa roketi ikipinduka. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (pale nguvu ya hewa inapokusanyika), angalau kwa umbali sawa na kipenyo cha bomba. Kifutio kiwe karatasi na rangi ya waridi tu. Uzito peleka puani, hata kwa udongo wa kuchezea. Kisha weka injini mpya ndani, funga uzi pale roketi inaponing'inia sawasawa, uizungushe kuzunguka kichwa chako. Pua isipotangulia, usiirushe.

*Rangi yangu ya njano imekunjamana. Kwa nini?*

Nimeshalijibu hili mara nyingi. Someni maelezo ya kopo! Umepaka mkono wa pili wakati wa kwanza haujakauka vizuri, au umechanganya rangi za aina mbili zisizopatana. Puliza nyembamba nyembamba. Kabla ya hapo ziba mifereji midogo iliyo juu ya uso wa bomba, na ubao mwepesi wa balsa upake sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao) na kuusugua mpaka uwe laini, maana rangi inayong'aa huanika kila kasoro. Rangi nayo ina uzito: ikikauka, rudia jaribio la uzi.

*Naweza kujitengenezea injini kwa baruti?*

Usithubutu. Watu wamepoteza vidole na macho. Nunua ya kiwandani, ujifunze kuisoma: kwenye C6-5, herufi C ni msukumo wa jumla usiozidi newtoni-sekunde 10, 6 ni wastani wa newtoni 6, na 5 ni sekunde za kusubiri kabla parachuti haijatupwa nje. Penseli nzito inahitaji C6-3, la sivyo itashuka kichwa chini kabla parachuti haijafunguka. Na kwa kuwa inaweza kushuka hivyo, ncha ichongwe butu. Kanuni za NAR, chama cha Marekani cha roketi za mfano, zinataka usimame angalau mita 5 kutoka kwenye roketi kwa injini ya herufi D au ndogo zaidi.

*Ni kweli Wajapani walirusha penseli?*

Penseli lilikuwa jina lake. Mwaka 1955 mhandisi Hideo Itokawa na wenzake waliunda roketi ya sentimita 23, unene sentimita 1.8, uzito kama gramu 200. Kule Kokubunji, Tokyo, waliirusha kwa mlalo ipenye skrini za karatasi, wapate kupima mwendo na mwelekeo wake. Ya kuelekea angani ilikuja Agosti mwaka uleule, ufukweni Michikawa.