Maswali ya Wasomaji: Soketi Zinazokatika Wakati wa Mnada

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza programu hapa Masasi, mkoani Mtwara. Nimeunda ukurasa unaowaonyesha wakulima bei za mnada wa korosho papo hapo kwa njia ya websoketi, yaani muunganisho unaobaki wazi kati ya simu na seva, nao hupitia Nginx, programu inayosimama katikati, kabla ya kufika kwenye seva yangu. Bei ikikaa kama dakika moja bila kubadilika, muunganisho hukatika. Tena seva huhesabu simu nyingi kuliko zilizopo hewani. Je, niongeze muda wa kusubiri wa Nginx?

JIBU: Ndugu msomaji, kuongeza muda huo pekee kutaondoa tatizo la kwanza na kuzidisha la pili. Nginx, isipoelekezwa vinginevyo, hufunga muunganisho ambao haijasoma chochote kutoka kwenye seva yako kwa sekunde 60. Ukiufanya muda huo kuwa saa nzima, soketi zitadumu, lakini zitadumu hata zile za simu zilizoishiwa chaji au zilizopoteza mtandao njiani kwenda Newala, kwa sababu simu inayotoweka ghafla haiiagi seva.

Dawa imo ndani ya itifaki yenyewe, yaani kanuni za websoketi zilizoandikwa katika waraka RFC 6455 wa mwaka 2011. Seva itume fremu ya pingi, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kama upande wa pili bado upo, kila baada ya sekunde 25 hivi. Kivinjari hujibu kwa pongi chenyewe, bila wewe kuandika msimbo wowote upande wa ukurasa. Pongi isipofika kabla ya pingi inayofuata, funga soketi hiyo, maana kila soketi iliyo wazi huhesabiwa kama faili, na kwenye mifumo mingi ya Linux programu moja huanza na kikomo cha faili 1024.

Lililo zito zaidi, ambalo hukuliuliza, ni kile anachokiona mkulima muunganisho unapokatika. Websoketi haimtunzii ujumbe uliotumwa wakati hayupo. Kwa hiyo ukurasa unapounganishwa upya, seva iutumie bei ya sasa mara moja, bila kungoja ibadilike. Na kabla ya hapo ukurasa uandike waziwazi kwamba bei inayoonekana ni ya saa fulani. Anayeamua juu ya mavuno ya msimu mzima hastahili kuonyeshwa bei iliyopitwa kana kwamba ndiyo iliyopo.

Mwisho, seva ikiwashwa upya, simu zote zisirudi kwa pamoja: kila moja isubiri sekunde chache za kubahatisha, na muda huo uongezeke maradufu kila jaribio linaposhindikana, hadi kikomo utakachoweka.