Umesahau? Uliza kwanza ni kumbukumbu gani iliyokuangusha

Tokeni ya stima ina tarakimu 20, na ujumbe unaoingia kwenye simu huzigawa katika mafungu matano ya tarakimu nne nne. Mgawo huo si urembo. Anayesimama gizani mbele ya mita hubeba fungu moja kichwani, akalibonyeza, kisha akarudi kwenye kioo cha simu kuchukua jingine. Mtoto akimwuliza jambo katikati ya fungu la tatu, tarakimu zinapeperuka. Hajazeeka wala si mgonjwa. Kumbukumbu ya muda mfupi ndivyo ilivyoumbwa.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kwamba kumbukumbu hiyo inabeba vitu saba, viwili zaidi au viwili pungufu. Mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, baadaye aliteremsha makadirio hadi karibu vinne. Usipovirudiarudia, vingi hupotea kabla ya nusu dakika kwisha. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kuvishikilia, ndiyo pia inayotumika kumjibu mtoto, kwa hiyo kazi hizo mbili lazima zigombane. Michezo ya simu inayouzwa kwa ahadi ya kupanua kumbukumbu hukufanya hodari wa mchezo wenyewe, basi. Afadhali upunguze mzigo: namba ya simu ishike kwa mafungu ya 4, 3 na 3, na utafute ndani yake kitu unachokijua tayari. Kwa Mkenya, 1963, mwaka wa uhuru, ni kitu kimoja, si vinne.

Kumbukumbu ya kudumu ni suala tofauti, tena si ghala moja. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani aliyesumbuliwa na kifafa, alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake. Hizi ziko ndani ya ubongo, usawa wa masikio, moja kila upande. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi tukio jipya: mtu aliyeongea naye asubuhi alikuwa mgeni jioni. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akitazama mkono wake kwenye kioo cha kujitazamia, alizidi kuwa bora siku baada ya siku, ingawa kila siku aliapa hajawahi kulifanya. Ustadi wa mikono hutegemea sehemu nyingine, zikiwemo serebelamu kule kisogoni na viini vilivyo chini ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje.

Hapo utaelewa kisa cha namba ya siri ya M-Pesa. Kidole gumba kinaibonyeza bila kufikiri, lakini mbele ya kibodi yenye 7-8-9 safu ya juu, au programu ya benki inayochanganya tarakimu, unakwama. Namba ilikuwa imehamia kidoleni. Usibahatishe, kwa sababu ukikosea mara kadhaa utafungiwa. Shika simu yako kama kawaida, acha kidole kijisogeze bila kubonyeza, kisha soma kilipopita. Na ukibadilisha namba, kidole kitaendelea kwa muda kuifuata ile ya zamani. Jizoeze mpya polepole mara chache kwa siku kadhaa kabla hujaihitaji kwa haraka foleni ikiwa nyuma yako.

Wanaoumia zaidi ni watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Kusoma daftari mara ya tatu kunadanganya: macho yanautambua ukurasa, na kutambua si kukumbuka. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliojaribu kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikuwa nyuma. Basi soma mada mara moja kwa makini, funga kitabu, chukua karatasi tupu uandike yote unayoyakumbuka, kisha ufungue na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Jaribio la kwanza litakuwa bovu na litakukatisha tamaa. Usilifupishe kwa kuchungulia, kwani jitihada hiyo ya kuyavuta kutoka kichwani ndiyo inayoimarisha kumbukumbu. Na ulale. Usingizini hipokampasi huyapitia tena ya mchana na kusaidia gamba la ubongo kuyashika, kwa hiyo anayekesha usiku wote anaikata kazi katikati.

Kumbukumbu ya matukio ina udhaifu wake: kila ukiisimulia, unaijenga upya. Wanasaikolojia Loftus na Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba kubadilisha kitenzi tu katika swali kuhusu ajali kulibadilisha kasi ambayo watazamaji walikadiria. Ukishuhudia matatu ikigonga pikipiki, andika uliyoyaona kabla hujasikiliza umati, maana umati utakujazia.

Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida. Mzee anayepotea njia aliyoipita kila siku, au anayeuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa, apelekwe kwa daktari akiwa na orodha ya dawa zote anazomeza. Baadhi ya dawa, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo na sonona vinaweza kuleta hali hiyo, na vyote vinatibika.