Maswali na majibu: Je, unahitaji lenzi ya zumu ya f/2.8?

Lenzi iliyokuja na kamera yangu imeandikwa f/3.5-5.6. Naambiwa ninunue ya f/2.8. Tofauti nitaiona wapi?

Utaiona giza likianza kuingia. Ukivuta zumu hadi mwisho, tundu la lenzi yako haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ya f/2.8 inabaki palepale, na inaingiza mwanga mara 4 zaidi. Tuseme uko ukumbini, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) umeiweka 1/125 ya sekunde ili michirizi ya mikono ya wapiga makofi ipungue. Pale ambapo lenzi yako inadai ISO (kiwango cha kukuza mwanga kwenye kamera) ya 6400, hii inatosheka na 1600. Chembechembe kwenye vivuli zinapungua, rangi ya ngozi inatulia, na usuli nyuma ya uso unalainika. Ila kama unapiga majengo na mandhari mchana, kamera ikiwa juu ya tripodi kwa f/8, tafadhali baki na uliyonayo.

Kamera yangu ni ya APS-C. Nichukue 24-70mm?

Usikimbilie. APS-C ni kihisi, yaani kipande kinachonasa mwanga, kilicho kidogo kuliko fremu kamili. Chako kinabana pembe ya picha mara 1.5 (1.6 kwa Canon), hivyo 24 inaonekana kama 36, na kwenye chumba kidogo utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Tafuta inayoanzia 16, 17 au 18, maana mm zikiwa chache lenzi inaona eneo pana zaidi. Sigma 18-50mm f/2.8 ina takriban gramu 290 tu, na kwa mtu anayebeba kamera kutwa nzima ningemshauri hiyo bila kusita. Tamron 17-70mm f/2.8 ina kama gramu 525, lakini ina kituliza mtikisiko ndani yake. Kama kamera yako haina cha kwake, uzito huo unastahili kubebwa.

Mimi ni mtu wa video zaidi. Niangalie nini?

Kwanza, tundu lisilobadilika ukivuta zumu. Bila hilo picha itafifia katikati ya kurekodi, na mtazamaji ataona. Pili, jaribu kuhamisha fokasi kutoka kitu cha karibu hadi cha mbali ukiwa unarekodi, kisha tazama kingo za fremu. Lenzi nyingine hutanua au kubana fremu nzima wakati huo, na kwenye mahojiano inakera sana. Baadhi ya kamera hurekebisha tatizo hilo zenyewe, lakini kwa lenzi maalumu tu.

Tatu, tenga fedha ya kichujio cha ND, yaani kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata huwa 1/50. Kwenye jua kali, kwa f/2.8 na ISO 100, mwanga unazidi kwa takriban hatua 6 (kila hatua ni mara mbili, jumla mara 64), na hapo ndipo ND64 inapohitajika. Wengi hununua lenzi ghali, wakakisahau, kisha wakaishia kurekodi kwa f/16 mchana kutwa.

Zumu ya f/2.8 au lenzi isiyo na zumu ya f/1.8?

Kama matukio hayakusubiri, zumu. Kama unampanga mtu na una muda, f/1.8, tena huwa nyepesi na nafuu.

Nimepata iliyotumika. Niikague vipi?

Mulika tochi kupitia kioo cha nyuma. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, achana nayo. Zungusha zumu usikilize kama inakwama. Kisha bandika gazeti ukutani, kamera iwe sambamba nalo, upige kwa f/2.8 na ukuze kona zote nne. Kona moja ikiwa haisomeki na nyingine zinasomeka vizuri, vioo vya ndani vimehama. Mrudishie mwenyewe.