Umeme wa upepo wa baharini Uingereza, nani hasa anapanga bei?

Mkuu umeuliza kama upepo ni wa bure kwa nini umeme wa upepo wa baharini Uingereza uko ghali, na nani anapanga bei. Mimi niko Grimsby, mji wa bandari huku Uingereza, mwaka wa saba huu, nafanya kazi kwenye boti zinazopeleka mafundi kwenye mitambo ya upepo Bahari ya Kaskazini, na hilo swali nimeishi nalo.

Baridi ya mwisho wa 2022 nyumba niliyopanga ilikuwa na mita ya kulipia kabla, kama LUKU tu. Uniti moja ilifika kama peni 34 na hapo serikali ilishaweka ruzuku. Mchana kutwa niko chini ya mapanga yanazunguka balaa, jioni nafika home mita imebaki paundi mbili na watoto wamevaa makoti ndani. Niliumia sana aisee.

Fundi mmoja wa siku nyingi ndo akanifungua macho. Soko la jumla huku bei ya kila saa inafuata mtambo wa mwisho uliowashwa kujaza mahitaji, na mara nyingi huo ni wa gesi, kwa hiyo gesi ikipaa umeme wote sokoni unapaa nayo, hata wa upepo ambao haujanunua gesi hata kidogo. Ndo maana serikali ikaleta mikataba inaitwa CfD. Kampuni zinashindana kwenye mnada, anayetaja bei ndogo ndo anachukua, na bei inafungwa kwa miaka mingi, kwa minada mpaka ule wa 2024 ilikuwa miaka 15. Soko likishuka chini ya hiyo bei anafidiwa, likipanda juu yake anarudisha ziada. Hela inapitia kampuni ya serikali, LCCC, ambayo inakusanya kwa wauza umeme, na wao wanatuwekea sisi kwenye bili. Ofgem, wasimamizi wa soko la nishati, ambao ni kama EWURA ya huku, wanaweka kikomo cha bei ya majumbani ila bei ya upepo hawaipangi wao.

Sasa utaniuliza, mbona 2022 bili haikushuka? Wenye CfD walikuwa wanarudisha hela kweli, lakini mitambo mingi ya zamani iko kwenye mfumo wa vyeti, ule uliofungwa kwa miradi mipya 2017, inauza umeme kwa bei ya soko na juu yake inapata cheti cha kuuza. Halafu kuna miradi mipya ilishinda mnada kwa bei ya chini, mitambo ikaisha kujengwa, wakachelewesha kuanza mkataba ili wauze sokoni kwanza. Mkataba uliwaruhusu, hawakuvunja sheria, ila kwa mtu aliyekuwa anahesabu uniti za kupikia ule mwanya haukutakiwa kuwepo kabisa. Kodi ya 45% kwa mapato ya ziada imekuja Januari 2023, baridi ishatupiga.

Bei zenyewe za minada mpaka 2024 zilikuwa hivi, kwa uniti 1000: mnada wa 2015 ulitoka paundi 114 mpaka 120, 2017 ikashuka mpaka 57.50, 2019 kama 40, 2022 ikafika 37.35. Kila mtu anashangilia. Serikali nayo ikadhani itashuka tu milele, 2023 wakaweka kikomo cha bei ya mnada cha 44 wakati chuma kimepanda, riba imepanda, mitambo imepanda, matokeo yake hakuna mradi hata mmoja wa upepo wa baharini wa nguzo za chini, yaani zilizosimikwa sakafuni mwa bahari, ulioingia. Bandarini wiki ile watu walikuwa kimya, maana mradi usiposainiwa leo ni kazi ambayo haitakuwepo miaka minne mitano mbele. Kwa mnada wa 2024 wakapandisha kikomo mpaka 73 na miradi ikarudi, bei ikatoka 58.87 na mingine 54.23. Mimi naona bora hiyo 58 inayojengwa kuliko 37 ya kwenye makaratasi.

Kitu kimoja cha kuangalia ukisoma habari zao, hizo bei zote zimeandikwa kwa thamani ya hela ya 2012 na zinapanda na mfumuko wa bei kila mwaka. Ile 58.87 kwa hela ya 2024 ni kama paundi 82, yaani peni 8 kwa uniti, na hapo bado hujaweka nyaya, kodi na faida ya muuzaji mpaka ikufikie kwenye mita.